Rivasi ya Kiwengwa

Kiwengwa, pwani ya kaskazini mashariki ya Unguja, gari halirudi nyuma kimyakimya. Mtu akitia rivasi tu kwenye kichochoro cha kushukia baharini, wasimamizi wanazuka: muuza madafu, mvuvi na dema lake begani, watoto wanaotoka chuoni. Wote wanaita, "Njoo! Njoo! Njoo!" na kila mmoja anaangalia tairi lake.

Bwana mmoja wa Mjini yalimkuta hayo Jumapili moja, tena na gari la shemejiye. Gari lenyewe, kama mengi ya kisiwani, lilitumika Japani kwanza, na skrini yake bado ilimsemesha dereva Kijapani kwa adabu kubwa. Kamera ya nyuma ilikuwapo. Si kitu kipya. Toyota ilikwishaitia kwenye Soarer huko Japani mwaka 1991. Lakini kamera kazi yake kuonesha, haikanyagi breki.

Na breki ndiyo habari yenyewe. Otomatiki ikishatiwa "R" inakwenda hata mafuta yasipoguswa. Mguu wa kulia hauna kazi kwenye mafuta hapo: ukae juu ya breki, uachie kidogo, ubane kidogo, gari lende mwendo wa mtu anayetembea. Kasoro huanzia kiunoni. Dereva akijipinda kutazama nyuma, kisigino nacho kinahama, na mguu anaodhani uko kwenye breki unakuwa umeshavuka. Gari likichomoka, mwili unarushwa kwenye usukani na mguu unazidi kuzama. Mtu anaapa kwamba anabana, na kweli anabana, ila pedeli siyo.

"Njoo, njoo..." Ukasikika mlio wa bati. Ndipo "Basiii!" ikapaa kwa sauti moja, safi kabisa, imechelewa. Ukuta wa mawe haukutikisika. Taa ya nyuma ilimwagika mchangani kama komamanga lililopasuliwa, karibu na mwani wa bibi mmoja uliokuwa umeanikwa.

"Shikamoo, bibi," bwana alisema, maana hakuwa na jingine.

"Marahaba, mwanangu. Huko nyuma ulikuwa ukifuata nini?"

Baada ya hapo akawa mwoga kupita kiasi. Kwenye mchanga laini alisimama kila hatua, na mchanga hautaki kusimama-simama: tairi zikakaa. Akapiga mafuta kwa nguvu, zikajichimbia zaidi. Wasimamizi wale wale ndio waliomwambia apunguze upepo wa tairi, wakafukua kwa vifuu, wakasukuma. Bwana alinunua madafu ya watu wote, na watu walikuwa wameongezeka.

Jioni akampigia simu shemejiye. Shemeji alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama kamera nayo imevunjika.

"Aa, kamera nzima," akajibu. "Imeona kila kitu."