Barua ya Wazi kwa Ofisi ya Bunge: Namwombea Kura Mheshimiwa Ndiyo

Mkazi na mpiga kura,
Kata ya Mwendakulima,
Kahama, Shinyanga.

Katibu wa Bunge,
Ofisi ya Bunge,
Dodoma.

YAH: KUMPENDEKEZA MHESHIMIWA NDIYO ARUDISHWE BUNGENI KWA UONGOZI WAKE KATIKA MAGEUZI YA SEKTA YA MADINI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kila uchaguzi unapokaribia, magari ya matangazo hupita huku kwetu, pembeni mwa uzio wa uliokuwa mgodi wa Buzwagi, na kila mtia nia anayeshuka humo anatuambia jambo lile lile: mageuzi ya madini ya 2017 ameyaleta yeye. Anayetetea kiti anasema aliyapitisha. Anayekitaka kiti anasema alimshauri aliyeyapitisha. Ukiwajumlisha, waliosimama kidete kuutetea mchanga wetu ni wengi kuliko viti vya ukumbi wenu.

Mimi si mtu wa kinyongo. Mbunge aliyeongoza mageuzi arudishwe, tena bila kumdai hata soda. Nilichotaka ni uhakika wa jina, maana karatasi ya kura haina kisanduku cha "wote kwa ujumla wao". Ndiyo maana nikaketi na Kumbukumbu Rasmi za Majadiliano ya Bunge, hiyo Hansard yenu, nikitafuta nani alisimama wapi siku sheria za dhahabu zilipoamuliwa.

Nawapongeza kwa Hansard. Mheshimiwa akichekesha, inaandika (Kicheko). Akiisifu Serikali, inaandika (Makofi). Akiisifu zaidi, (Makofi/Vigelegele). Mheshimiwa akitaka kuiponda bajeti ya wizara, Hansard inaonyesha jinsi anavyoanza kwa kuunga mkono hoja kwa asilimia mia moja, kisha anaiponda dakika tano zote alizopewa, kisha anaiunga mkono tena na kuketi. Hakuna kinachopotea. Lakini tukifika pale muswada unapoamuliwa, pale penye kazi tuliyomtuma, tunakuta mstari mmoja ndani ya mabano: (Hoja iliamuliwa na Kuafikiwa). Basi. Kiti kimehoji, ukumbi umenguruma "ndiyooo", pengine kona moja imejibu "siyooo", na Kiti, kwa masikio kiliyojaliwa, kimeona walioafiki wameshinda.

Katika kupekua huko nimempata mtumishi mmoja tu aliyekuwepo kila dhahabu ilipozungumzwa. Hana jimbo, hana picha kwenye kalenda, hajawahi kuhama chama. Ni huyu Mheshimiwa Ndiyo, na ndiye ninayemwombea kura. Naomba nieleze utumishi wake, kwa sababu vijana wa Kahama wanamsikia tu bila kumjua.

Alianza na sisi mwaka 1998, alipopitisha Sheria ya Madini iliyoweka mrabaha wa dhahabu kuwa asilimia 3. Tusimlaumu kupita kiasi. Wakia moja ya dhahabu wakati huo haikufika dola 300, na Serikali ilikuwa ikiwabembeleza wawekezaji waje. Walikuja: Geita ikaanza kuzalisha mwaka 2000, Bulyanhulu 2001. Kila mgodi mkubwa ulikuja na mkataba wake, na kila mkataba ulikuwa siri. Kwenye mikataba hiyo halmashauri ilipangiwa dola 200,000 kwa mwaka, mgodi upate sana au upate kidogo. Bei ya dhahabu ilipopanda, dola zetu zilibaki palepale, zimetulia kama mgeni aliyeambiwa asiguse kitu.

Utumishi wake mkubwa, na ndio hasa ulionisukuma kuandika, ni wa mwaka 2007. Februari mwaka huo Waziri wa Nishati na Madini, Nazir Karamagi, alisaini mkataba wa Buzwagi. Mgodi uko hapa, kilomita chache kutoka stendi ya Kahama. Mkataba ulisainiwa London. Nchi ilikuwa imekwisha kuambiwa kwamba mikataba ya madini inapitiwa upya, na mbunge kijana wa Kigoma Kaskazini, Zitto Kabwe wa Chadema, akauliza swali ambalo hata muuza mihogo pale Phantom angeuliza: haraka hiyo ilikuwa ya nini, na kwa nini London? Akaomba Bunge liunde Kamati Teule kuchunguza.

Hakuomba mgodi utaifishwe, wala Waziri apelekwe gereza la Butimba. Aliomba wabunge waende wakasome karatasi.

Mheshimiwa Ndiyo alisimama imara. Kamati Teule haikuundwa. Badala yake, Agosti 2007, aliyeomba uchunguzi ndiye aliyeadhibiwa, kwa maelezo kwamba amelidanganya Bunge kuhusu Waziri. Akasimamishwa hadi Januari 2008. Spika alikuwa Samuel Sitta, aliyejinadi kwa kasi na viwango, na lazima tukiri kwamba kasi tuliiona.

Hapa naomba kuchepuka kidogo. Novemba ya mwaka huohuo, mwenye hoja ya Buzwagi akiwa bado kifungoni, Bunge lilelile liliunda Kamati Teule kuhusu mkataba wa umeme wa Richmond. Kamati hiyo, chini ya Dk. Harrison Mwakyembe, ilisoma ripoti yake Februari 2008. Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu, na Karamagi akaondoka naye. Kumbe wabunge wetu wakipewa karatasi wanajua kuzisoma! Kwa hiyo hakuna anayeweza kuja Kahama kutuambia kwamba uwezo haukuwepo. Uwezo ulikuwepo; Buzwagi haikuwa kwenye ratiba yake. Na Spika aliyeruhusu mambo ya Richmond yasomwe, chama chake hakikumrudisha kwenye kiti hicho mwaka 2010. Ikaelezwa kuwa ni zamu ya mwanamke. Jambo jema kabisa, na lilikuja wakati mzuri kabisa.

Turudi kwa mgombea wangu. Baada ya kelele za mitaani kuzidi, Rais Jakaya Kikwete aliunda kamati ya kupitia mikataba ya madini chini ya Jaji Mark Bomani, na ndani yake akamweka nani? Zitto Kabwe, ambaye Mheshimiwa Ndiyo alikuwa amemwona hafai hata kukaa ukumbini. Ripoti ikatoka 2008, na mwaka 2010 Mheshimiwa Ndiyo akapitisha Sheria mpya ya Madini iliyopandisha mrabaha wa dhahabu hadi asilimia 4. Wakati huo Buzwagi ilikuwa imekwisha kuanza kuzalisha mwaka mmoja kabla. Hakuomba radhi, wala sikutegemea aombe. Ndiyo haangalii nyuma.

Kisha ikaja 2017, mwaka wa Mheshimiwa Ndiyo kung'ara. Machi, Rais John Magufuli alizuia usafirishaji wa makinikia, ule mchanga wenye dhahabu, yale ya Bulyanhulu na haya ya kwetu Buzwagi, na makontena 277 yakakwama Dar es Salaam. Kamati aliyoiunda kuyachunguza, chini ya Profesa Mruma, ikasoma ripoti yake Ikulu mwezi Mei. Kamati ya Profesa Osoro ikasoma ya kwake Ikulu mwezi Juni. Zote tulizitazama mubashara kwenye vibanda vya kuonyesha mpira, na palikuwa pamejaa kuliko siku ya Simba na Yanga. Kampuni ya Acacia, mwenye migodi hiyo, ikapelekewa madai ya kodi ya dola bilioni 190, na mtaani watu wakaanza kuchagua rangi za magari ya Noah watakayogawiwa kila mmoja.

Mheshimiwa Ndiyo naye hakubaki nyuma. Mwanzoni mwa Julai, kwa hati ya dharura na ndani ya siku chache, alipitisha sheria tatu: mrabaha wa dhahabu ukawa asilimia 6, na Serikali ikapata hisa zisizopungua asilimia 16 kwenye migodi mikubwa. Sisi hatukumwona akizipitisha, kwa kuwa matangazo ya moja kwa moja ya Bunge yalikuwa yamesitishwa tangu Januari 2016. Yaani profesa akisoma ripoti Ikulu, mubashara. Mbunge wangu akitunga sheria, tulisubiri kipindi cha jioni kilichokwisha kuhaririwa. Wachache waliolalamika kwamba sheria nzito namna hii zinahitaji muda wa kusomwa walionekana kama mawakili wa mabeberu. Baadhi ya wenzao wa upinzani hawakuweza kulalamika hata hivyo: Halima Mdee na Ester Bulaya walikuwa wamekwisha kufungiwa vikao mwezi uliotangulia.

Na ndani ya sheria hizo mna kifungu ninachokipenda. Kinaitaka Serikali, ikishaingia mkataba wowote wa rasilimali, itoe taarifa Bungeni ndani ya siku sita za vikao vinavyofuata, na Bunge likiona masharti ni kandamizi liagize yajadiliwe upya. Soma tena taratibu. Wabunge waletewe karatasi, wazisome. Jambo alilofungiwa mtu mwaka 2007, Mheshimiwa Ndiyo alilifanya kuwa sheria ya nchi mwaka 2017, kwa sauti ileile na makofi yaleyale. Sijui mgombea mwingine mwenye uwezo wa kuwa sahihi mara mbili kwa majibu mawili yanayopingana.

Mtaniuliza: wale waliosema hayo mapema wako wapi? Zitto alipoteza kiti mwaka 2020, ukumbi wenu ulipojaa chama kimoja karibu wote. Tundu Lissu, aliyeanza kupigania watu wa Bulyanhulu akiwa mwanasheria kabla hajawa mbunge, alimiminiwa risasi Dodoma Septemba 7, 2017, miezi miwili baada ya sheria zile kupita. Hapo sina mzaha. Mzaha ulikuja wenyewe Juni 2019, Spika Job Ndugai alipotangaza kiti chake kuwa wazi, sababu mojawapo ikiwa ni utoro. Mgonjwa alikuwa Ubelgiji akitibiwa majeraha hayo. Katika mahudhurio hakuna anayemfikia Mheshimiwa Ndiyo.

Matunda yameonekana, nisiwe mwizi wa fadhila. Zile bilioni 190 ziliishia kwenye maelewano ya dola milioni 300, zilizopewa jina la kishika uchumba. Ikaundwa kampuni ya ubia ya Twiga, Serikali ikapewa asilimia 16 yake, mkataba ukasainiwa Januari 2020. Buzwagi nayo ikawemo. Tatizo dogo ni kwamba kufikia hapo shimo letu lilikuwa limekwisha kuchimbwa, mtambo unasaga akiba ya mawe yaliyorundikwa nje, na mwaka 2021 mgodi ukafungwa. Tulikaribishwa mezani wenyeji wakisafisha sahani. Sasa eneo limetangazwa kuwa ukanda maalumu wa uchumi, na tunasubiri viwanda. Nyumba za wageni zilizojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa mgodi nazo zinasubiri.

Katibu, yote haya nisingeyaandika kama nisingegundua jambo moja kwenye hiyohiyo Hansard. Kila Juni, bajeti kuu ya Serikali ikifika mwisho, hamtumii masikio. Makatibu mezani huita wabunge mmoja mmoja kwa jina, kila mmoja anajibu, jibu linaandikwa. Ni kazi ndefu, inachosha, na mnaifanya kila mwaka bila kulalamika. Katiba inasema Bunge likiikataa bajeti hiyo Rais anaweza kulivunja, wote mrudi majimboni kuomba kura. Nikaelewa. Viti vyenu vikiwa hatarini, kila mtu ana jina. Dhahabu yetu ikiwa hatarini, kuna kunguruma.

Kwa hiyo nimeona nisiwasumbue waheshimiwa wanaodai mageuzi ni yao, kwa kuwa hata mwenye nia njema kati yao hawezi kunithibitishia, na mwongo siwezi kumkamata. Nimechukua njia iliyo salama, ya kumpendekeza yule ambaye kumbukumbu zenu zinamtaja. Wadhamini 25 wanaotakiwa kwenye fomu ya Tume nimewapata hapahapa Mwendakulima, na kadi zao za kupigia kura nimezikagua. Mmoja aliuliza kama mgombea ana trekta. Nikamwambia ana sauti. Akasaini.

Fomu imekwama sehemu mbili: picha za pasipoti na sahihi ya mgombea. Naomba ofisi yako inielekeze Mheshimiwa Ndiyo anapatikana jengo gani hapo Dodoma, na saa ngapi. Kama haiwezekani kumleta yeye mwenyewe, nitapokea orodha ya majina ya waliomtolea sauti kwenye miswada ya madini, tangu 1998 hadi leo, nijaze kwa mkono.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mpiga kura, Kahama.

Nakala: Watia nia wote, Jimbo la Kahama Mjini — kwa taarifa, na kwa yeyote atakayependa kusema lilikuwa wazo lake.