Yah: Maombi ya Wakazi wa Ngara na Biharamulo Kuandikishwa kama Wajawazito

Kwa Mheshimiwa Waziri,
TAMISEMI,
Dodoma.

Mheshimiwa,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Awali ya yote tunapongeza mpango wa m-mama, uliozinduliwa kitaifa Aprili 2022. Mjamzito akizidiwa usiku, inapigwa 115 bila malipo. Gari la wagonjwa likikosekana, anaitwa dereva wa jamii na analipwa nauli yake. Hapo hatuna kejeli. Shida yetu ni kwamba sisi wengine hatuna mimba.

Mzee wa pumu kule Nyakahura akiishiwa dawa ya kuvuta saa nane usiku, hayumo. Mtoto wa Rulenge mwenye degedege naye hayumo: mpango unamtambua mtoto mchanga wa hadi siku 28, yeye ana miaka miwili. Kazembea, kakua. Hao watafute gari, au jirani mwenye gari, au bodaboda. Na bodaboda wa saa hiyo, Mheshimiwa, huamshwa kwanza, kisha hutafutiwa petroli ya chupa, ndipo bei itajwe; mama kasimama pembeni na mtoto mgongoni, hawezi hata kuomba apunguziwe.

Tutaambiwa mpango wa afya ya msingi, MMAM, wa 2007 uliahidi zahanati kila kijiji. Tunakumbuka, miaka inakwenda. Tutaambiwa pia kuna maduka ya dawa muhimu. Yapo, ila usiku ukigonga dirisha la nyuma anayeitika ni mbwa.

Si kwamba magari hakuna. Simama Nyakanazi au Benaco usiku uone malori ya Kigali na Bujumbura yalivyojipanga. Ng'ambo ya Rusumo, Rwanda inapeleka damu hospitalini kwa ndege nyuki tangu 2016. Sisi hatuombi ndege. Dereva wa jamii tunaye, namba tunayo. Kilichopungua ni ruhusa ya kumpakia asiye na mimba.

Kwa hiyo tunaomba wenye pumu waandikiwe miezi tisa. Aliyeumwa na nyoka apewe mimba changa, maana huyo huwa hakai sana. Watoto washushwe umri usiku, asubuhi watakua tena. Kadi za kliniki tutazitunza, na wazee wameahidi kuhudhuria mahudhurio yote.

Naomba kuwasilisha.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mkazi asiye na mimba.

Nakala: Bodaboda, kijiwe cha Benaco – kwa utekelezaji wakati tukisubiri majibu.