Ukiambiwa Uandike Safu: Tahadhari kwa Wasiojua

Ushawishi wenyewe huja mkiwa mnakunywa chai. Unachambua bei ya mafuta, kikosi cha Yanga na tabia za makonda wa daladala, watu wanacheka, halafu mhariri aliyekaa pembeni anatamka: "Bwana, haya mambo si uyaandike? Tukupe safu." Utadhani umegunduliwa. Ukweli ni kwamba mwandishi wa ukurasa wa kumi kaenda kugombea ubunge, na ukurasa unafungwa jioni ile ile. Mhariri hatafuti kipaji. Anatafuta maneno mia nane.

Kama umeshakubali, anza na jina la safu, maana utaishi nalo. Ansbert Ngurumo aliita yake Maswali Magumu, kwenye Tanzania Daima, na ukiitazama vizuri ni busara kubwa: mwenye maswali hadaiwi majibu. Ahmed Rajab aliwaita wasomaji wa Raia Mwema barazani kwake, na barazani hakuna mada inayofukuzwa. Jenerali Ulimwengu ana bahati yake peke yake, kwamba ukiandika Rai ya Jenerali tayari watu wamekaa wima. Freddy Macha alichagua Kalamu Toka London, jina zuri lenye kasoro moja tu, kwamba huwezi tena kuhamia Tabora. Wewe usijiite Mtazamo Wangu. Wa nani mwingine?

Picha piga umeshika kidevu, usitabasamu. Itatumika miaka na miaka. Wewe utaota mvi, yenyewe haitaota, na siku ukijitambulisha kwenye msiba watu watakuuliza kama ni baba yako ndiye anayeandika gazetini.

Sasa kazi. Wiki ya kwanza utaandika jambo lililokukera tangu ujana wako, nayo itakuwa makala nzuri kweli. Wiki ya pili utaandika yaliyobaki. Hatari ni wiki ya tatu. Kila mtu mwenye akili timamu ana makala mbili kifuani. Safu inataka hamsini na mbili kwa mwaka. Hapo ndipo wenzako walipomvumbua yule dereva wa bodaboda anayejua uchumi kuliko Benki Kuu, ambaye kila mwanasafu wa Dar es Salaam amewahi kupanda pikipiki yake, na ambaye huzungumza kwa aya zilizopangwa vizuri. Mtumie, lakini mpe likizo mara moja moja. Wahenga nao wapo. Wahenga hawakanushi, wala hawaendi mahakamani.

Mwalimu Nyerere ni kesi tofauti. Ukikwama utashawishika kuandika "Mwalimu aliwahi kusema", halafu ukamalizia kwa jambo unalotaka wewe. Usithubutu bila kitabu mkononi. Bado wako wazee waliokuwepo ukumbini. Mmoja atakupigia simu saa kumi na mbili asubuhi, atapokea shikamoo yako taratibu, kisha atasema: "Mwanangu, hakusema hivyo." Utakaa kwenye simu nusu saa ukisikiliza alivyosema.

Njia nyingine ni kuandika nyumba yako. Wahome Mutahi wa Kenya aliifanya kwa ustadi ambao sijaona mwingine akiufikia. Kwenye safu yake ya Whispers, katika magazeti ya Kiingereza ya Nairobi, alijifanya mlevi na bwege, akampa mkewe wa safuni jina la Thatcher na binti yake Pajero, na nchi nzima ikacheka kumbe inajicheka yenyewe. Usiige kabla hujapima mambo mawili. Kwanza, Mutahi alijua kwamba anayepigwa vijembe lazima awe mwandishi mwenyewe kabla ya mtu mwingine yeyote, na wengi hatuna moyo huo. Pili, alifungwa mwaka 1986, enzi za msako wa kundi la siri la Mwakenya, kwa hiyo utani wake ulikuwa na gharama. Alifariki mwaka 2003 na kiti chake bado kinapwaya.

Na gharama hata huku Tanzania zipo. Tulikuwa na Sheria ya Magazeti ya 1976, ikaja Sheria ya Huduma za Habari ya 2016, na chini ya zote mbili magazeti yamefungiwa. Mwananchi lilikaa kifungoni siku kumi na nne mwaka 2013. Raia Mwema lilipata siku tisini mwaka 2017 kwa makala iliyosema urais utamshinda Rais Magufuli. Mwanasafu mpole hujifunza mapema kuandika "baadhi ya viongozi", kwa sababu kila kiongozi akisoma humfikiria mwenzake. Tatizo ni kwamba kichwa cha makala huandiki wewe. Utapeleka shaka yako ndogo yenye "labda" nne, na asubuhi utaikuta imevishwa SERIKALI YAKALIA BOMU. Atakayepigiwa simu si aliyeandika kichwa.

Msanifu kurasa naye umheshimu. Tangazo la zabuni likiingia saa kumi na moja jioni, makala yako hukatwa mkia, na mkiani ndiko ulikokuwa umeficha hoja. Hoja iweke juu. Ingawa wapo waliokatwa mkia miaka mingi, na wasomaji wakawaona wana hekima ya kuacha mambo yakining'inia.

Chini ya makala wataweka namba yako ya simu. Ikatae kama unaweza. Ujumbe wa kwanza utakuwa hivi: "Shikamoo mwandishi, safu yako ya leo imenigusa sana." Subiri wa pili. "Nina kesi ya kiwanja Mbagala tangu mwaka juzi, naomba unipe namba ya waziri." Wa tatu anaomba ada ya mtoto, kwa kuwa anaamini mtu mwenye picha gazetini hawezi kukosa. Hajui kwamba malipo ni kwa makala, na kwamba mhasibu amekwambia uje Ijumaa bila kutaja Ijumaa ipi.

Kabla ya kwenda likizo, andika makala mbili za akiba, zisizotaja tarehe, mvua wala waziri yeyote, maana waziri anaweza kutumbuliwa ukiwa safarini. Ukizembea, mhariri ataweka kisanduku kidogo: "Mwandishi wa safu hii hatakuwepo wiki hii." Hasemi zaidi. Kufika saa tatu asubuhi shemeji yako wa Morogoro atakuwa ameshampigia mkeo kuuliza umeshikiliwa kituo gani.