Namna ya Kuupenda Muziki wa Waingereza kwa Wakati Wake

Kwanza, wahi. Bendi ya Uingereza hupendwa kabla haijapendwa. Ikiwa bado inapiga kwenye baa yenye sakafu inayonata, isifie; ikishaingia kumi bora, lalamika kwamba imejiuza. Mashahidi usiwaogope. Juni 1976 bendi ya Sex Pistols ilipiga Lesser Free Trade Hall, Manchester, mbele ya watu wapatao 40. Wanaodai walikuwepo, leo hata uwanja wa mpira hauwatoshi. Nawe ingia tu, ila ujue nafasi imebana.

Kisha chagua upande. Agosti 1995 bendi za Blur na Oasis zilitoa singo siku moja, na taifa zima likatakiwa kuamua. Usithubutu kuuliza kama mtu anaweza kununua zote mbili. Utaonekana huna msimamo. Blur waliuza 274,000, Oasis 216,000. Shangilia, lakini kwa kiasi: mwaka uliofuata Oasis ndio waliokusanya watu 250,000 Knebworth kwa siku mbili, na waliomcheka mshindwa wakawa kwenye foleni.

Sasa angalia nani anawaalika. Julai 1997 Noel Gallagher wa Oasis alipigwa picha Downing Street, glasi mkononi, akiongea na Tony Blair. Ukiona mwasi wako anakaribishwa na waziri mkuu, aga polepole. Kuanzia hapo sema hukuwahi kuupenda muziki huo, ulikuwa unausikia tu kwa jirani.

Koti usitupe. Hili wengi hulikosea. Koti la parka lilivaliwa na vijana wa mtindo wa mod miaka ya 1960, likafufuka 1979 pamoja na filamu ya Quadrophenia, likarudi tena miaka ya 1990 mabegani mwa Liam Gallagher, ndugu yake Noel. Likunje, weka dawa ya nondo, subiri. Koti litarudi na saizi yake ileile, wewe je?

Mwisho, pokea marejeo kwa unyenyekevu. Oasis walivunjika 2009, na ndugu wale wawili wakarushiana maneno miaka 15. Agosti 2024 wakatangaza wamerudi. Ingia foleni ya mtandaoni asubuhi na mapema, utulie kwa saa kadhaa. Usishtuke tiketi iliyotangazwa kwa takriban pauni 150 ikikufikia ikiwa 355. Bei nayo ilikuwa inasubiri. Lipa haraka kabla haijapanda tena, halafu soma maandishi madogo: ni tiketi ya kusimama.