Kesi ya Mguu wa Mbuzi

Tuliporudi Sekei Jumatatu kutoka kwenye kipaimara Moshi, friji ilikuwa ikinguruma vizuri, na kijana tuliyemwachia nyumba alikuwa na adabu kupita kiasi. Mke wangu akaingiwa na shaka.

Ndani ya friza tuliacha mguu wa mbuzi na maini. Nyama tuliikuta ngumu kama jiwe. Kilichomchongea kijana ni barafu za ukwaju za watoto: vifuko vilivyokuwa vimenenepa sasa ni bapa, vimeshikana na kujichora mistari ya rafu, na chini ya sinia damu ya mbuzi imeganda ukoko. Akabanwa, akasema. LUKU iliisha Ijumaa usiku. Tokeni kaingiza Jumapili asubuhi, maana hela ya umeme ilishanunua bando.

Mama mkwe akainusa nyama mara mbili. "Mbona hainuki? Tia ndimu na tangawizi, ichemke."

"Mama, vinavyonukisha nyama si lazima ndivyo vinavyoharibu tumbo," mke wangu akajibu. Kisha hesabu: friza iliyojaa huhimili saa 48 mlango usipofunguliwa, iliyojaa nusu saa 24. Yetu ilikuwa nusu, na huyu bwana alikuwa akiifungua kila mara kuangalia kama bado ina baridi!

Nikamtetea mbuzi kidogo (mguu mzima, jamani), nikisema moto huua vijidudu. Kweli huua, hata huku mlimani ambako maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Ila vingine, kama stafilokokasi, vikishazaliana kwenye joto huacha sumu isiyoondoka hata uchemshe mpaka mkaa uishe. Kugandisha upya nako hakuiondoi. Nikanyamaza.

Shemeji akashauri mbwa aonje kwanza.

"Mbwa anakula jalalani," Mama mkwe akasema, "atatoa ushahidi gani?"

Maini hayakuwa na mtetezi, yalitangulia. Mguu ulijadiliwa hadi magharibi, ndipo kijana akakabidhiwa jembe achimbe shimo migombani, refu, mbwa asije akakata rufaa. Mama mkwe akavuta kigoda, akakaa kumsimamia.

"Mjukuu wangu," akamwuliza, "hilo bando tunalila na ugali au na ndizi?"