Sifa za Mgongano wa Vitufe

Watu wamesifiwa kwa makubwa na kwa madogo, lakini sijasikia anayesifu dakika ile mtu anapobonyeza Alt+d ili afute neno moja kwenye amri yake, kumbe juu ya skrini inachomoza orodha ya programu ambayo hakuiita. Deni hilo nalilipa leo. Namsifu Mgongano wa Vitufe, mwana wa meneja wa madirisha na programu ya kugawa terminali, mla mchana wa watu wenye kazi za haraka.

Nianze na nasaba, maana huyu hakuokotwa jalalani. Ukoo wake unaanzia mwaka 1963, msimbo wa ASCII ulipozitengea alama za udhibiti nafasi 32 za mwanzo. Humo ndimo Ctrl inamolima hadi leo, na hata kishamba hicho kina wenyewe: Ctrl+i ndiyo Tab, Ctrl+m ndiyo Enter. Mwaka 1987 Oliver Laumann na Carsten Bormann wa Berlin walileta GNU Screen, programu ya kugawa terminali, ikajitwalia Ctrl+a iwe kiambishi cha amri zake, ambayo Bash, programu inayopokea amri kwenye terminali, huitumia kurudi mwanzo wa mstari. Mwaka 2007 Nicholas Marriott akatoa tmux ya kazi hiyo hiyo, nayo ikakaa kwenye Ctrl+b. Hiyo katika Bash hurudisha kishale herufi moja, na katika kihariri cha Vim hurudisha ukurasa mzima. Wengi kwa kuukimbia ugomvi huo huiamuru tmux itumie Ctrl+a, wakaurithi ule wa zamani. Tazameni uaminifu wa Mgongano: mtu akihama nyumba, naye hufunga virago.

Fadhila yake ya kwanza ni kufundisha itifaki. Bila yeye tungedhani kitufe huenda moja kwa moja kwa tuliyemkusudia. Kwenye mfumo wa madirisha wa X11, meneja wa madirisha, tuseme i3, hukaa langoni, na kitufe alichokidai hakipiti. Asichokitaka ndicho kinachofika kwenye terminali, kisha tmux, na mwisho Bash au Vim. Jaza faili la mipangilio ya tmux hadi litapike: kesi imeshahukumiwa kabla haijafika mezani kwake.

Fadhila ya pili ni subira. Terminali hutuma Alt+f kama Escape inayofuatwa na f. Kwa hiyo tmux ikipokea Escape hungoja kidogo kujua kama ipo herufi nyuma yake, na kwa miaka mingi kungoja huko kulikuwa kwa milisekunde 500. Mtumiaji wa Vim, ambaye hubonyeza Escape kila akipumua, alijaliwa hivyo nusu sekunde ya kutafakari maisha yake.

Fadhila ya tatu ni ukarimu: hatoi kimoja penye nafasi ya viwili. Fungua tmux, ingia kwa SSH kwenye kompyuta ya mbali, fungua tmux nyingine humo. Ya nje itaipokea Ctrl+b yako kwa mikono miwili. Ukitaka ya ndani ikusikie, bonyeza mara mbili.

Lakini binadamu hana shukrani. i3 inapowashwa mara ya kwanza huuliza: Alt au kitufe chenye nembo ya Windows? Mpenzi wa Mgongano huchagua Alt kwa kuwa iko karibu na kidole gumba, na tangu siku hiyo Alt+f, iliyokuwa ikimrukisha neno moja mbele, humtanulia dirisha hadi likajaa skrini. Wasio na shukrani huchagua nembo ya Windows. Terminali za jadi hazina msimbo wa kitufe hicho, kwa hiyo hakuna programu ya ndani inayokililia. Mafahali wawili hawakai zizi moja, na hao wamejenga mazizi mawili: nembo kwa meneja wa madirisha, kiambishi kimoja cha Ctrl kwa tmux, na Alt ikabaki kwa Bash na kihariri cha Emacs.

Ukatili huo humuua Mgongano asubuhi moja. Basi wewe msomaji, ukimpenda, endelea na Alt na usiguse kitu. Ukiwa na kazi ya kumaliza, bonyeza Ctrl+b kisha alama ya kuuliza, usome vitufe ambavyo tmux inavidai, na umpe meneja wa madirisha kitufe kisichogombewa na yeyote.