Barua ya Wazi kwa Waandaaji wa Semina za Akili Bandia

Bulengera, Butembo

Kuhusu: kumwajiri Akili Bandia katika shule yetu

Waheshimiwa,

Tunawashukuru sana kwa semina mliyotuandalia juu ya akili bandia na ufundishaji unaomweka mwanafunzi katikati. Mlituomba kila mmoja aje na simu yake, chaji yake na mega zake, nasi tukaja navyo. Tulikaa tangu asubuhi hadi jioni tukinakili kutoka ukutani, neno kwa neno, kwamba mwanafunzi asikae kutwa akinakili. Mkufunzi alitusomea kila ukurasa wa projekta kwa sauti safi. Aliyeinua mkono aliambiwa kwamba maswali ni mwishoni. Mwishoni ikawa picha.

Hiyo picha ndiyo iliyotushikisha kalamu. Tuligawiwa tableti, moja kwa walimu watatu, tukaambiwa tuiinamie na kutabasamu. Zilikuwa zimezimwa. Mpiga picha alipomaliza, vijana wawili walipita na boksi, wakazikusanya, wakazihesabu, kisha wakazihesabu upya huku macho yakiwa kwenye mifuko yetu. Watu wanaokabidhiwa watoto wa mtaa mzima kila asubuhi walisimamishwa mlangoni mpaka hesabu itimie. Ilipotimia tukapewa cheti. Wala haikuwa mara ya kwanza. Kila semina huja na jina lake na wafadhili wake, lakini boksi halikosi.

Tusikae hapo. Tumekuja kuomba.

Mlisema akili bandia itatupunguzia kazi: itaandika fishi za masomo, itasahihisha madaftari, itamfuata kila mtoto kwa mwendo wake. Tumeshawishika. Basi tunaomba Mwalimu Akili Bandia aajiriwe kwetu Bulengera, kwa utaratibu uleule uliotuajiri sisi. Aandae faili: barua ya maombi ya mkono, nakala ya diploma ya Leta iliyogongwa muhuri, cheti cha kuzaliwa, cheti cha mwenendo mwema na picha nne za pasipoti. Kuhusu picha asihangaike. Apigwe akiwa amezimwa, kazi hiyo ameizoea. Faili itapanda pikipiki hadi ofisi ya elimu ya mjini, kutoka hapo iende jimboni, na kutoka jimboni iende Kinshasa, ambako itapumzika.

Wakati faili inapumzika, yeye ataanza kazi Jumatatu kama NP, yaani mwalimu asiyelipwa. Ndiyo desturi: kazi kwanza, namba ya mshahara baadaye. Zamani angeishi kwa prime, yaani fedha ambazo wazazi waliwalipa walimu. Lakini tangu Septemba 2019 shule ya msingi ya serikali ni bure, kama kifungu cha 43 cha Katiba kinavyotaka, na wazazi hawadaiwi tena. Sheria hiyo tunaiunga mkono kwa mikono miwili. Ilijaza madarasa yetu mpaka madirishani. Ila ile prime ilipoondoka, NP hakuwekewa kitu mahali pake. Kwa hiyo Mwalimu Akili Bandia atafanya kama wenzake: alime maharage, na jioni aendeshe pikipiki ya mtu.

Miaka itapita. Siku moja orodha itatoka, na namba yake imo, ila kwa jina la Kambale Akili, jinsia ya kike, shule iliyoko Tshikapa. Ataandika barua ya kuomba masahihisho. Barua, tumeambiwa, anaziandika vizuri mno. Atajibiwa kwamba aliyeshika faili yake amehamishwa, aanze upya na picha nne mpya. Hapo hapo inspekta ataingia darasani na kumdai jurnali ya darasa, iliyopigwa mistari kwa rula. Tunachotaka kuona ni kimoja tu: huyu ajuaye kila kitu atavumilia mpaka lini bila mshahara.

Na akivumilia, basi tutajua kwa nini mnampenda. Mwalimu asiyekula, asiyepanga nyumba, asiyezika, asiyegoma. Ndiye mliyekuwa mkimtafuta miaka yote hii, na kwa kumkosa mkatufanya sisi kuwa yeye.

Mtusamehe, kalamu imeteleza. Turudi kwenye adabu.

Msije mkadhani tunaichukia teknolojia. Mwenzetu mmoja wa darasa la sita aliiomba simu yake imtungie mafumbo ya hesabu juu ya biashara ya kahawa, akayaandika ubaoni kwa chaki, akawagawa watoto makundi makundi. Fumbo moja lilitaja treni inayotoka Butembo kwenda Kasindi. Darasa zima lilicheka. Kisha wakaitoa treni, wakaweka lori, wakapiga upya hesabu ya saa za njiani, wakiongeza vizuizi na matope. Hapo mwanafunzi alikuwa katikati kwelikweli, kwa simu moja na mega za mfukoni mwa mwalimu. Hakuna semina iliyomfundisha hilo, na hakuna aliyekuja kumpiga picha.

Maombi mengine ni madogo. Intaneti ya setilaiti ya Starlink ilipigwa marufuku nchini Machi 2024, ikapewa kibali Mei 2025. Tunaomba madawati nayo yapate kibali. Wizara yetu ilipewa jina jipya mwaka 2024, Elimu ya Kitaifa na Uraia Mpya; hongera, na sasa majina ya walimu nayo yaangaliwe. Mkufunzi alitutajia mwongozo wa UNESCO wa Septemba 2024, wenye ujuzi 15 kwa walimu katika ngazi tatu, na jambo la kwanza kabisa ndani yake ni kumweka binadamu mbele ya mashine. Ukurasa huo ulipitishwa haraka kwa sababu chakula kilikuwa kimefika. Tunaomba urudiwe.

Tena mtufafanulie hili la kumfuata kila mtoto kwa mwendo wake. Madarasani mwetu wamo watoto waliokimbia mauaji ya vijiji vya Beni, na wengine waliokimbia vita kusini mwa Lubero. Mwendo wao umekuwa wa miguu, usiku, na godoro kichwani. Wengine hufika katikati ya muhula bila daftari, na wengine huondoka bila kuaga. Programu yenu itawafuata mpaka wapi? Sisi tunaowafuata mpaka nyumba walizopokelewa, jioni, baada ya kazi, tunafanya hivyo bila kuchajiwa na mtu.

Semina ijayo mtuite, tutakuja, maana nasi tunapenda kujifunza. Lakini kabla yake, wale wenzetu wasiolipwa wapewe namba na mshahara. Msiseme hamwajui. Majina yao mnayo, pamoja na namba za simu na sahihi zao: wote walijaza orodha yenu ya mahudhurio.

Wenu kwa heshima,
Mwalimu mmoja wa Bulengera